Mzee Ruksa na picha ambazo hazipo

Asanteni, asanteni, kaeni jamani. Nyie wa mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, sijui kwa nini watu wanaviogopa viti vya mbele. Maiki inasikika? Haya.

Nimeambiwa niongelee dokumentari ya maisha ya kiongozi mstaafu, nikasema siwezi kuongea hewani hewani, nachukua mtu mmoja tu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, huyo ndo Mzee Ruksa, manake huyu ndo alinitoa jasho. Dokumentari za viongozi wetu mnazijua zinavyokwenda: droni inapita juu ya minazi, kinanda cha huzuni, kaka mwenye sauti nzito anasema alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 Kivure, Mkuranga, akapelekwa Zanzibar angali mdogo, akawa mwalimu, alafu vyeo vinafuatana kama mabehewa, alafu wazee watatu kwenye makochi wanasema alikuwa mtu wa watu, alafu msiba. Ukiniuliza mimi, huo ni wasifu wa marehemu uliotiwa kinanda. Na mimi ya kwanza niliitengeneza hivohivo, msinicheke.

Tatizo la Mzee Mwinyi ni picha. Piga hesabu, kaingia Ikulu Novemba 1985, katoka Novemba 1995, na huku Bara runinga imeanza 1994! Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi, sisi huku tunasikiliza RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na kutikisa betri. Kwa hiyo urais karibu wote umepita redioni, na wewe mtengenezaji unakimbilia kilichopo, na kilichopo ni uzee wake: uzinduzi wa kitabu chake Mei 2021 siku anatimiza miaka 96, kile kibao alichopigwa 2009 pale Diamond Jubilee kwenye shughuli ya Maulid, na mazishi ya Mangapwani Machi 2024. Matokeo yake kijana wa miaka 20 anamjua babu mpole mwenye kofia, mcheshi, Kiswahili kitamu, aliyezabwa kibao na bado akamalizia hotuba yake. Rais hamjui kabisa.

Sasa chukua lile la kujiuzulu. Mwaka 1976 Usukumani kulikuwa na mauaji ya watu wanaodaiwa wachawi, vyombo vya dola vikakamata watuhumiwa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwao. Mwinyi ndo Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu, hakuwepo, lakini wizara ni yake, akaachia ngazi, mwaka 1977 akapelekwa Cairo kuwa balozi. Miaka 7 baadae, Januari 1984, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe kajiuzulu, Mwinyi ndo Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata ndo Rais wa Muungano. Hilo la kuachia ngazi kila mtu analisimulia, hata bungeni waziri akiboronga lazima mtu amtaje Mwinyi. Ila video yake hakuna, ndo maana kwenye dokumentari linapewa sekunde 40 na picha mnato moja inayosogezwa polepole kama inataka kukwambia siri.

Na kuna kitu kilinigonga usiku mmoja naediti. Nilikuwa nimeandika kwenye skripti "tukio lililomjengea heshima", nikairudia kuisikiliza, nikaona hee, kuna watu walikufa pale. Wana watoto, wana makaburi huko, na mimi nimewageuza ngazi ya mtu kupandia. Zote nilizokuwa nimeangalia, hakuna iliyowapa waliokufa hata sentensi moja ya kwao, wanapita kama hali ya hewa. Nikaifuta ile sentensi, na kusema kweli sikupata ya kuweka badala yake, nikaacha kimya cha sekunde 10, mwenye hela yake akaniuliza sauti imekatika?

Twende kwenye ruksa, yaani kuruhusu biashara, iliyompa lile jina la Mzee Ruksa. Hapa napo watu wanakoroga. Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa na bajeti ya 1984, Nyerere bado yupo, mwenye dola zake akaruhusiwa kuleta bidhaa na maswali yakapungua. Mwinyi akausukuma mpaka ukutani, 1986 wakasaini na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa kutoka kama 17 kwa dola mpaka 40, mitumba ikamwagika, ile tuliyoiita kafa Ulaya, 1991 Azimio la Zanzibar likaruhusu kiongozi awe na hisa na nyumba za kupangisha, 1992 vyama vingi. Jina la ruksa kalibeba yeye, sifa na lawama. Na lawama zipo, bana, misamaha ya kodi ilifika mahali mwaka 1994 wahisani wakafunga mkoba, na Nyerere akasema hadharani yale ya Ikulu ni mahali patakatifu, hakuwa anaongea na ukuta. Nikaiweka sehemu hiyo dakika 6. Nikaombwa niitoe, eti "mzee wetu keshatangulia". Jamani, mzee mwenyewe aliwahi kujifananisha na kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro, Kilimanjaro ndo Nyerere! Mtu aliyejipima hivo mwenyewe mnamfichia nini? Tukavutana, zikabaki dakika 2.

Kitu kizuri kuliko vyote kwenye kazi ile sikukipata kwenye kamera. Tulienda Tandika kwa bibi mmoja, alikuwa na genge miaka ile. Vijana wanahangaika na taa, mimi namwuliza tu ya kupitisha muda, bibi unamkumbukaje Mwinyi? Hakutaja siasa. Akanieleza foleni ya duka la ushirika, unaweka jiwe likushikie nafasi na kila mtu analijua jiwe lake, alafu akanyoosha mikono akanionyesha alivyokuwa anakata mche wa sabuni kwa waya, vidole gumba vimebana pande mbili, anavuta kuja kifuani, na kile kipande cha mwisho anakipima kwa jicho. Akasema alipokuja Mwinyi akaanza kuuza mche mzima mzima, akaupoteza ule waya. Taa zikawaka, nikamwambia bibi rudia, akakaa vizuri, akaweka mtandio, akasema "alikuwa kiongozi bora mpenda amani".

Nikarudi baada ya wiki 2 peke yangu, kamera ndogo, na mche wa sabuni wa dukani. Akaugeuzageuza, akasema mjukuu wangu, hii ya siku hizi imeshapigwa alama, mtoto mdogo anaona pa kupitisha kisu, sasa mimi nikate nini? Akatafuta waya hata hivo, akakata vipande 8, wala alama hakuzifuata. Kimoja akanipa, 7 akaingia navyo ndani.

Haya, maswali. Dada wa nyuma pale, shika maiki.