Nani alipandisha kamera Matterhorn kwanza? Tuulize mlima

Asanteni. Wa huko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Mlima wenyewe mnaujua, ule wa ncha kali mpakani mwa Uswisi na Italia, huku wanauita Matterhorn, kule Cervino, ni mmoja huo huo, kwa hiyo mtu asinihesabie filamu mbili kwa sababu tu kakuta majina mawili.

Sasa, kila ninapokwenda naulizwa nani wa kwanza kuupiga filamu mpaka kileleni, na nikimuuliza mtu wewe umejuaje, ananiletea karatasi. Katalogi imesema, filamu hii ni ya 1901. Lebo ya kopo la filamu imesema. Jamani, lebo kaiandika mtu aliyekuwa anauza! Filamu bubu haina sauti, maneno yake yote yako kwenye vile vipande vya maandishi katikati, kwa hiyo muuzaji alikuwa anakata ya Kiingereza anabandika ya Kifaransa, anaipa jina jingine, mzigo unaondoka. Halafu kopo linakaa stoo miaka hamsini, lebo inabanduka, anakuja mwingine anaandika alichosikia. Ndiyo ushahidi mnaoniletea huo?

Mimi nasema tuulize mlima. Kileleni upande wa Italia kuna msalaba wa chuma, uliwekwa 1902. Basi filamu yako ikiwa imeandikwa 1901 na msalaba unaonekana pale, mjadala umekwisha, hatuna haja ya kupandishiana sauti. Upande wa Uswisi nako, kwenye mgongo wa Hörnli, kuna kibanda cha Solvay, mita 4,003, kimejengwa 1915. Simamisha picha ya hiyo wanayoiita ya 1901 pale pale kinapotakiwa kuwepo, mimi nimeshafanya hivyo mpaka macho yakauma, angalia: mwamba, theluji imebaki kwenye nyufa, kamba imelegea kati ya watu wawili, na kibanda hakuna.

Hapo lazima mtu aniambie, eeh mwalimu, kibanda hakipo kwa hiyo ni ya 1901. Hapana, hapana! Kibanda kutokuwepo kunakwambia kitu kimoja tu, kwamba ilipigwa kabla ya 1915. Inaweza kuwa 1903, inaweza kuwa 1911, inaweza kuwa 1913. Ukikuta picha ya harusi ya babu yako haina nguzo ya umeme nyuma, umeme ulifika kijijini 1970, utasema babu kaoa 1920? Utasema kaoa kabla ya umeme, basi, halafu utaenda kuangalia viatu, utaangalia gari, utawauliza bibi zako. Hili nimelisema mara ngapi sijui na bado narudishiwa lile lile, na linaniuma kwa sababu kuna watu walipanda kweli na kazi yao inapewa mwingine kwa uvivu wetu wa kutazama.

Na kamera nayo msiisahau. Ni boksi la mbao, ina stendi ya miguu mitatu, hakuna mota, unazungusha kwa mkono, na ukizungusha huwezi kushika mwamba. Ina maana boksi kalibeba mtu mwingine, na mpiga picha kashikiliwa na kamba ya mtu mwingine. Ukimuona mpandaji anatokeza kileleni anakuja usoni kwako, ujue kuna watu wameshafika kabla yake, wamesimika stendi, wamepoa baridi wakimngoja. Waliokulia Moshi mnawajua wagumu, wale wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanavyopanda na mizigo kichwani, basi na kule milima ya Alps ni waongozaji wa vijijini, na ukisoma hizo katalogi jina lao hulioni.

Naoneshwa saa. Haya, majina haraka haraka. Frank Ormiston-Smith, Muingereza, alipiga Mont Blanc 1902 kwa ajili ya kampuni ya Warwick ya London iliyokuwa chini ya Charles Urban, na 1903 Urban akatoka akafungua ya kwake, kwa hiyo mkiona kazi za mpiga picha huyo huyo kwenye katalogi za kampuni mbili msishtuke. Ila Mont Blanc siyo Matterhorn! Mario Piacenza, Muitaliano wa Biella, 1911, huyu alikuwa mpandaji hasa, mwaka huo huo alipita mgongo wa Furggen wa mlima huo huo na waongozaji wake Carrel na Gaspard, na filamu yake ya Cervino ipo. Frederick Burlingham, Mmarekani, 1913, ndiye mnayemtaja wengi, na mwaka huo huo akashuka na kamera ndani ya kreta ya volkano ya Vesuvius. Hesabu mnaijua, 1911 iko kabla ya 1913.

Zimeni taa. Msimtazame mwenye kofia, tazameni kona ya chini kushoto, kuna mkono unashikilia kamba.