Kuinua Pikapu ya Zamani: Inchi Nne za Nini?

BARAKA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na kwingineko. Gari tunalolizungumzia leo ni la mtangazaji mwenzangu, dada Mwanaidi: Hilux LN106, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1988 na 1997, lenye injini ya dizeli iitwayo 3L. Anataka kuliinua, na mimi nimekuja kumbishia.

MWANAIDI: Asante, kaka Baraka, ingawa mwaliko wenyewe una shari. Masika iliyopita, katika barabara ya vumbi inayotoka Kibiti kwenda Mloka, malori yalikuwa yamechimba mifuo mirefu na kuacha kigongo cha tope katikati. Pikapu yangu ilikalia kigongo hicho na magurudumu yakabaki yanazunguka bure. Niliporudi mjini nikaamua kwamba nahitaji inchi nne.

BARAKA: Kabla ya kuhesabu inchi, ni kitu gani hasa kilichokwaruza? Ekseli ya mbele ya LN106 ni nzima, yaani mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama ile ya nyuma, na difu zote mbili, yale matufe ya gia yanayogawa nguvu kwa magurudumu, zimekaa kwenye ekseli. Hata ukiweka springi za urefu gani, difu haitapanda, kwa sababu inafuata gurudumu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hilo nalo hukupa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake.

MWANAIDI: Hilo nililichunguza. Nililala chini ya gari nikiwa na tochi, nikakuta difu ina tope tu, lakini ulinzi wa tenki la mafuta umebonyea na bomba la ekzosi limechubuka hadi kung'aa.

BARAKA: Basi una hoja, kwa kuwa tenki na ekzosi vimefungwa kwenye chesisi, na chesisi ndiyo inayopandishwa na springi. Ijumaa tulipokuwa gereji pale Gerezani niliomba tepu ya kupimia, nikapima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu na limesimama penye usawa. Nyuma kulia palikuwa chini kuliko nyuma kushoto kwa milimita 23.

MWANAIDI: Na mimi miaka yote nilidhani barabara ndiyo imeinama.

BARAKA: Springi zako zimechoka. Sehemu ya kimo unachokitafuta umekwisha kukimiliki siku gari lilipotoka kiwandani, ila kimepotea kidogo kidogo kwa mizigo. Seti nzuri ya milimita 50, yaani kama inchi mbili, huhesabiwa kutoka kimo cha kiwandani, kwa hiyo kwako tofauti itaonekana kubwa zaidi ya hapo. Ukienda inchi nne unaanza kudai mambo mengine: propela shafti zinakaa kwa pembe kali, mipira ya breki inavutika, fimbo za usukani zinainama, na gari linapata tabia ya kuyumba kwenye kona.

MWANAIDI: Nakubali kusikiliza. Lakini tatizo langu la pili ni mzigo. Nikienda shamba nabeba pampu, madumu na waya wa uzio, pengine kilo 500. Nikirudi huwa nina nazi chache, au sina kitu kabisa.

BARAKA: Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, maana wanachagua kimo wakasahau uzito. Watengenezaji kama Old Man Emu na Ironman 4x4, wote wa Australia, huuza springi za kimo kile kile kwa madaraja tofauti ya mzigo. Springi iliyokusudiwa kubeba mamia ya kilo siku zote, ukiiendesha tupu kwenye matuta ya Goba, itakurusha hadi ukose hamu ya gari. Wewe chagua ya daraja la kati kwa nyuma. Mbele, mwambie muuzaji kama una bampa la chuma au winchi, kwa sababu huo ni uzito usioshuka.

MWANAIDI: Fundi mmoja aliniambia hayo yote ni gharama za bure, kwamba ataongeza bapa moja kwenye springi, aweke shakeli ndefu, vile vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi, na nyuma atupie kipande cha chuma kati ya springi na ekseli.

BARAKA: Nilifanyiwa hivyo hivyo kwenye pikapu yangu ya kwanza. Nilipofika karibu na Kibaha usukani ulikuwa haurudi wenyewe baada ya kona, na kila lori lililonipita lilinisogeza. Shakeli ndefu zilikuwa zimegeuza pembe ya ekseli ya mbele, na pembe hiyo ndiyo inayofanya magurudumu yatake kunyooka. Isitoshe, shakeli ikiongezwa inchi mbili, gari hupanda inchi moja tu. Kipande cha chuma nyuma, kikiwa kifupi na kimefungwa vizuri, kinavumilika; mbele kisiwekwe kamwe. Wenye Hilux za toshenba, ile fimbo ya chuma inayojipinda na kufanya kazi ya springi mbele, nao wajue kwamba kukaza toshenba kunainua pua, lakini gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni.

MWANAIDI: Na breki? Ulitaja mipira tu.

BARAKA: Kuna kitu ambacho mafundi wengi hukiruka. Nyuma ya pikapu hizi kuna vali iliyofungwa kwenye chesisi, yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Mzigo ukikandamiza gari, fimbo inasukumwa juu, na vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukiinua chesisi bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umejaza, nazo breki za nyuma zinapunguziwa nguvu. Dawa yake ni kibano kidogo cha kurudisha fimbo kwenye pembe yake ya awali, kisha kujaribu breki gari likiwa na mzigo.

MWANAIDI: Hilo peke yake limenitoa kwenye inchi nne. Nakwenda na milimita 50, shokapu za urefu unaolingana, na tairi za inchi 31.

BARAKA: Ukitoka kwenye tairi za 235/75R15, spidomita itakudanganya kwa takriban asilimia 7. Ikisoma 50, ambayo ndiyo kikomo katika maeneo ya makazi, wewe uko kwenye 53 na zaidi. Kampuni yako ya bima nayo uiarifu kwa maandishi. Siku ya kufunga, boliti za shakeli zikazwe gari likiwa limeshuka kwenye magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya springi, zinajipinda na kuchanika mapema.

MWANAIDI: Na yubolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli?

BARAKA: Mpya, siyo zile za zamani zilizosuguliwa kwa brashi. Zikazwe tena baada ya kilomita 500.

MWANAIDI: Hizo ni safari mbili za Kibiti kwenda na kurudi. Nikirudi ya pili nitapitia kwako, uwe na spana ya torki.