Nani kasema ni ugonjwa wa wahuni?

(Mhadhara wa mkunga mstaafu kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Tanga)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo mama zangu. Mwenyekiti kanipa nusu saa kabla ya hesabu za hisa, nami najua hisa ndizo zilizowatoa nyumbani, kwa hiyo sitawachelewesha.

Niwaulize kwanza. Mkisikia fulani ana saratani ya mlango wa kizazi, neno gani linawajia kichwani? Semeni tu, hapa hakuna mwanamume isipokuwa huyu fundi wa spika. (Kicheko.) Eh, mmemsikia mama pale nyuma? "Alikuwa na mambo mengi huyo." Ahsante kwa kusema kweli. Hilo ndilo nililokuja kugombana nalo.

Katika miaka yangu 31 ya kuzalisha nilimjua mama mmoja, jina lake ninalo mimi. Aliolewa na miaka 16. Mume mmoja tangu hapo. Watoto wanane. Akaanza kutoka damu kila akikutana na mumewe, akanyamaza miezi tisa. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, akaniambia, "Nesi, watu watasema nimetembea." Sasa mtazameni huyo mama. Kuolewa mapema, kuzaa sana, kutulia ndani: kila alichofanya alipigiwa vigelegele. Na humohumo kwenye vigelegele ndimo hatari ilimokuwa.

Chanzo chenyewe ni kirusi, kinaitwa HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kukionyesha. Lakini mimi nampenda zaidi Mwitaliano mmoja wa zamani, Domenico Rigoni-Stern. Mwaka 1842 alipekua takwimu za vifo za mji wa Verona, akaona saratani ya kizazi inawaua walioolewa kuliko watawa. Mmesikia? Walioolewa. Hakusema wahuni.

Kirusi hiki karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata siku moja, mwanamume kwa mwanamke. Hakiwashi, hakiumi, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni kwa yule ambaye kinamng'ang'ania. Huyo anaweza kukaa nacho miaka 15 au 20 kabla ya saratani, naye anapika, anakwenda sokoni, anacheza ngoma. Kwa hiyo la kujiuliza ni kwa nini kwa mwingine kinaondoka na kwa mwingine kinaweka makazi.

Tuanze na umri. Mlango wa kizazi wa binti haujakomaa. Ule ukingo laini ambao kirusi kinaupenda, kwake uko nje wazi, na seli zake ziko mbioni kubadilika. Akianza kukutana na mwanamume akiwa na miaka 15, kirusi kimekuta mlango umerudishwa tu, haujafungwa komeo. Na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 kwamba jambo hilo lirekebishwe. Nayasema haya kwa sababu nimealikwa kwenye harusi ambazo nilikula pilau huku roho inaniuma.

Kuzaa sasa. Mwaka 2002 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, walichapisha hesabu za wanawake wenye HPV. Waliozaa mara saba au zaidi, hatari yao ilikuwa karibu mara nne ya wale wasiozaa kabisa. Ukiwalinganisha na waliozaa mara moja au mbili, ni zaidi ya mara mbili. Kila mimba inabadilisha homoni na kuuacha ule ukingo laini nje muda mrefu, na kila uzazi unachana na kuchubua. Nimeshona michaniko mingi, najua ninachosema. Simwambii mtu asizae. Namwambia mwenye sita na saba kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kupimwa.

Mtasema, basi tumeze vidonge. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vina neno lao. Ukivitumia zaidi ya miaka mitano mfululizo, hatari inapanda. Ukiacha, inashuka, na baada ya miaka kumi hivi unakuwa sawa na ambaye hakuvitumia. Lakini vidonge hivyohivyo vinakulinda na saratani ya mifuko ya mayai. Kwa hiyo usiende kuvitupa chooni leo jioni, ukarudi kwangu na mimba ya tisa. Meza, na pima. Na kitanzi, ambacho mnakisingizia kila ugonjwa? Tafiti zimekuta waliowahi kukiweka wanapata saratani hii kidogo kuliko wengine.

Sigara najua hapa hamvuti, ila mabinti zetu mjini wanavuta shisha wakidhani ni marashi. Kwa wavuta sigara, kemikali za tumbaku zimekutwa ndani ya ute wa mlango wa kizazi. Moshi unaingia mdomoni, sumu inashukia huko chini na kuudhoofisha ulinzi wake.

Na VVU. Mwanamke anayeishi na VVU hatari yake ni kama mara sita, na ugonjwa hauendi polepole, unaweza kutumia miaka mitano hadi kumi tu. Dawa zinasaidia sana, lakini hazichukui nafasi ya kipimo. Yeye aanze na miaka 25, asisubiri 30 kama wengine.

Sijamsahau mume. Wewe unaweza kuwa umetulia kama maji ya mtungi, lakini wanawake wote aliopita mumeo wamo kwenye hesabu yako. Tohara inapunguza, na hapa pwani wametahiriwa, lakini haiondoi. Kondomu inapunguza pia, si yote, maana kirusi kinakaa kwenye ngozi ambayo kondomu haifiki.

Haya mambo ya kujiwekea shabu na ndimu na majani ili pakauke: sitawaambia kwamba yanaleta saratani, maana hilo halijathibitishwa. Nawaambia nilichokiona kwa taa yangu, michubuko mitupu.

Kipimo chenyewe mnakiogopa bure. Unalala, nesi anafungua kwa kifaa, anapaka siki, ndiyo, asidi ileile ya siki ya kachumbari, imepimwa tu nguvu yake. Anahesabu dakika moja. Pakigeuka peupe, mara nyingi anapachoma kwa kifaa cha joto palepale, chini ya dakika moja tena. Unavaa kanga yako unakwenda. Na mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo yao, tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu. Haileti utasa, msinitumie tena ile sauti ya WhatsApp.

Kuna swali? Ndiyo, bibi.

(Bibi anauliza: yeye ni mjane miaka 14, ana miaka 62, hana mwanamume, kipimo cha nini?)

Bibi yangu, shikamoo. Kirusi hakikumfuata marehemu kaburini. Kama kilikuja miaka 20 iliyopita, wakati wake wa kujionyesha ndio huu. Tena kwa umri wako siki inaweza isione vizuri, kwa sababu ule ukingo umerudi ndani, kwa hiyo utapimwa HPV yenyewe kwa kijiti cha pamba. Hedhi ilikoma lini? Na tangu hapo umewahi kuona hata tone la damu?

...Mwezi wa Rajabu. Mara mbili.

Haya. Mwenyekiti, waletee daftari la hisa waendelee. Bibi, chukua mkoba wako, mimi na wewe tunakwenda zahanati sasa hivi.