Stendi ya Seremala kwa Negativu za Zamani

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana.

Nyumba nyingi hapa Lamu zina mkebe au bahasha ya negativu, yaani mikanda ya picha ambamo cheusi huonekana cheupe na cheupe cheusi: harusi, Maulidi, jahazi lililokwisha kuuzwa, watu waliotutangulia. Fungua mkebe huo unuse. Ukipata harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza. Mikanda mingi ya zamani ni ya asetati, aina ya plastiki, na kwa joto na unyevu wa pwani hii hutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Asidi hiyo huzidi kuula mkanda, kisha huathiri mingine iliyo karibu. Yenye harufu itengeni leo, na ndiyo ianze kupigwa picha kwa kamera, tupate nakala za kuweka kwenye kompyuta.

Kwa kazi hii mimi napendelea kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ikitazama chini, na mkanda ukimulikwa kutoka chini yake. Kinachohitajika ni stendi, na mafundi wetu wanaochonga milango hawashindwi nayo. Kitako kizito cha mbambakofi au plaiwudi nene. Nguzo moja wima. Mkono unaopanda na kushuka, ukakazwa kwa boliti. Tundu la chini ya kamera hupokea boliti ya robo inchi. Msione haya kuifanya nzito, maana uzito ndio unaozuia mtikiso.

Sasa nisikilizeni hapa. Picha moja kwenye mkanda wa milimita 35 ni milimita 24 kwa 36 tu. Kwa ukaribu huo, kamera ikiinama kidogo, bwana harusi atatoka wazi na bibi harusi ukungu. Pima maji husaidia, lakini yaweza kuwa meza yenyewe imeinama. Chukua kioo kidogo bapa cha kujitazamia, kiweke pale pa mkanda, uchungulie kupitia kamera. Lenzi itajiona. Duara lake likikaa katikati kabisa ya picha, kamera na mkanda viko sambamba. Likienda upande, tia kipande cha karatasi kwenye kiungo cha mkono, ukaze, utazame tena. Nimependa sana njia hii: haihitaji chombo cha kununua, na haikosei.

Taa iwe ya LED nyeupe nzuri, juu yake plastiki ya rangi ya maziwa. Skrini ya simu yafaa pia, ila uinue mkanda juu yake kidogo, la sivyo vinukta vya skrini vitaonekana. Ukingo wa mkanda uzibe kwa kadi nyeusi, na dirisha ulifunge. Upande wa utando, ule usiong'aa, uelekee lenzi. Picha itatoka kulia kushoto, utaigeuza kwenye kompyuta. Kwenye kamera weka ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera), na kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, bila kuguswa. Fanyieni kazi hii chini, si ghorofani ambako watoto wanapita mbio juu ya boriti.

Rangi ya chungwa mtakayoiona kwenye negativu za rangi si uchafu, imewekwa kiwandani, programu ya picha kwenye kompyuta itaiondoa. Mkishamaliza msiitupe mikanda. Ihifadhini kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, na majina ya waliomo yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha, huku mabibi zetu wakiyataja.