Kahawia si adui wa kwanza: rangi ya kurasa na bei ya bédé za zamani
Mhadhara kwa wakusanyaji wa bédé (vitabu vya katuni), Goma

Ndugu na dada, karibuni. Wanunuzi wengi wakiona kurasa zimegeuka kahawia huirudisha bédé mezani, kisha hununua nyingine nyeupe pepepe ambayo huenda imeoshwa kwa dawa.

Bédé za bei nafuu zilichapwa kwenye karatasi ya mti uliosagwa, lignini, gundi ya asili ya mti, ikiwa ndani. Lignini ikipata hewa na mwanga hubadilika rangi na kuzalisha asidi. Asidi nyingine ilitoka kiwandani, katika alumu (shabu) iliyotiwa ili wino usisambae. Asidi hukata nyuzi za selulosi, zile zinazoipa karatasi nguvu. Rangi na udhaifu vina chanzo kimoja ila haviendi sambamba: ukurasa wa rangi ya malai unaweza kupinda bila shida.

Basi tuikague. Nawa mikono, kausha vizuri. Laza bédé mezani karibu na dirisha, kwa sababu balbu ya njano hudanganya, na weka kando karatasi mpya nyeupe. Fungua katikati, tazama kama pini zina kutu. Kisha linganisha moyo wa ukurasa na kingo zake. Hewa huingilia kingoni, hivyo ukahawia huanzia huko; ukanda mwembamba wa pembeni hautishi. Sasa inua kona kidogo kwa kidole, iachie irudi yenyewe. Usiikunje! Funga, kisha angalia meza. Ukikuta chembe za kahawia, ukingo unakatika kama mkia wa samaki sambaza mkavu, na hapo bei huporomoka.

CGC, kampuni ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 2000, hutoa alama ya hali ya bédé kuanzia 0.5 hadi 10, na huandika ubora wa kurasa kando: nyeupe, nyeupe iliyofifia, malai, kahawia, hadi zinazokatika. Kwa hiyo nakala mbili zenye alama moja zinaweza kuuzwa bei tofauti. Kwa bédé ya miaka ya 1940 weupe ni adimu na hulipiwa. Kwa toleo la juzi, weupe ni kawaida tu, hauongezi kitu.

Hapa kwetu kuna volkano ya Nyiragongo. Moshi wake una gesi ya dioksidi ya salfa. Karatasi huifyonza, ikawa asidi ya salfa. Weka bédé kwenye sanduku lenye kifuniko, mbali na dirisha. Sanduku lisikae juu ya saruji, maana unyevu hupanda kutoka sakafuni. Kila moja ivalishwe mfuko wa plastiki ya polipropilini au poliesta. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali, iacheni. Nyuma tia kadibodi isiyo na asidi, yenye kalsiamu kaboneti, na uibadilishe baada ya miaka michache, kwani nayo huchoka. Simamisha wima, bila kubana. Joto la nyuzi 18 hadi 21 na unyevu chini ya asilimia 50 vinafaa. Msimu wa mvua ongeza vifuko vya jeli ya silika, vinavyofyonza unyevu.

Na ile nyeupe pepepe, inayoshukiwa kuoshwa kwa dawa? Kagua matundu ya pini: yakiwa yamepanuka, pini ziliwahi kutolewa. Tafuta rangi zilizofifia, karatasi yenye mawimbi, jalada lililojikunja. CGC ikigundua ukarabati, huipa lebo ya zambarau, na soko hulipa pungufu.