Injini ikizima ukiwa mita 3 juu ya ngano

Haya jamani tuanze, nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, sijui mnaogopa nini.

Vijana wananiuliza sana, mzee, injini ikizima unafanya nini kwanza? Na naona wanasubiri niseme throtoli (ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini), pampu, swichi ya mafuta. Hapana. Nyinyi mlijifunza kwenye Cessna 172, kile kindege cha mafunzo, mwalimu anakuvutia throtoli uko futi 3,000, unapata muda wa kuchagua shamba, kusoma cheklisti, hata kusali. Sisi marubani wa kunyunyizia mashamba dawa tuko mita 3 juu ya ngano, cheklisti utamsomea nani.

Kitu cha kwanza ni kumwaga mzigo. Air Tractor AT-502, ndege yetu ya kunyunyizia, tangi lake la dawa linachukua galoni 500 za Marekani, karibu lita 1,900, yaani kama tani mbili zimekaa mbele ya magoti yako. Ndege nzito inashuka haraka na inagusa chini ikiwa na kasi kubwa, na ile nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa kasi, mliisoma shuleni mkasema haitawasaidia. Ila ukimwaga tu pua inanyanyuka, ukijisahau ndege inastoli, yaani mabawa yanaacha kuibeba, kwa hiyo stiki, ule usukani wa katikati ya miguu, sukuma mbele. Na usianze kupiga hesabu ya bei ya dawa! Wapo wanaosita pale, sekunde mbili tu, na sekunde mbili ndio zote ulizokuwa nazo.

Halafu ile kasi ni akiba. Ukiwa na kilomita 210 kwa saa ukaivuta mpaka 130, kwenye karatasi unapata kama mita 100 za kupanda, ila upepo unakula sehemu yake na propela ikizunguka bure inakula zaidi, basi chukua kidogo unachopewa, ruka nyaya za umeme kama zipo, kisha shusha pua. Mbele, upande upepo unakotoka. Usigeuke kurudi kwenye kiwanja, kona ya chini bila injini ndio imetuzikia watu.

Kwa nini inazima? Mara nyingi ni mafuta, wala si injini. Tunabeba mafuta kidogo ili dawa iwe nyingi, halafu kila mwisho wa mstari tunakata kona kali, mafuta yanakimbilia upande mmoja wa tangi na injini inavuta hewa. Mimi ilinikohoa hivyo hivyo mara moja, geji inasema bado yapo, na kweli yalikuwepo, ila upande mwingine. Kuna na maji ya kwenye mapipa, hasa pipa likiachwa nje limesimama wima mvua inanyesha, na kichujio cha hewa kilichojaa makapi.

Wa kwelea kwelea nyinyi mna mtihani zaidi (ndege kuwinda ndege, Kiswahili nacho kina vituko), maana wale wanapigwa dawa jioni wakirudi kulala, injini ikizima jua nalo linazama, kwa hiyo shamba la kutua liangalie ukiwa unakuja, kungali mwanga.

Ngano ndefu au tope litashika magurudumu na ndege itapinduka, wewe pokea hivyo. Tua na kasi ndogo, mkia chini, mabawa sawa, kwenye shamba lililolimwa fuata matuta. Fred Weick, mhandisi wa ndege, alipochora AG-1, ndege ya kunyunyizia, huko Marekani, ikaruka 1950, alimweka rubani nyuma na juu, tangi la dawa mbele yake, ili pua ivunjike kabla yako. Lakini hiyo inafanya kazi kama umefunga mikanda yote na helmeti iko kichwani, sio kwenye ndoano.

Ukisimama, zima mafuta, zima umeme, toka ukielekea upepo unakotoka, maana dawa iliyobaki inavuja, na nguo zote vua hapo hapo hata kama wanakijiji wameshafika kushangaa.