Panda Kidogo, Onja, Ndipo Uchague

Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi ninyi mliopanda matatu mbili kutoka Kayole na Rongai katika mvua hii. Najua hamkuja kuambiwa kwamba mboga zina faida mwilini. Hilo mlifundishwa mkiwa watoto, kwa hiyo naliruka. Nimekuja na jambo moja, na wanaonifahamu wamelisikia mpaka wamelikariri: watu wa Nairobi tunapanda mboga bila kuzionja. Tunaingia agroveti, tunasema "nipe managu," tunapewa pakiti, tunapanda gunia zima la udongo, kisha tunakula chochote kilichoota. Kikiwa kichungu tunalaumu jua. Kisipokuwa na ladha tunalaumu udongo. Aina yenyewe haiulizwi swali hata moja.

Tuanze na hayo managu, au mnavu kwa wengine, maana ndiyo yanayoniudhi kuliko yote.

Kuna managu ya majani mapana, jani moja linaweza kufunika kiganja. Matunda yake yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Wataalamu huyaita Solanum scabrum. Haya yana uchungu mdogo, yanatoa majani mengi, na kwa anayeuza ni mazuri kwa sababu fungu linajaa haraka. Halafu kuna managu ya majani madogo, mmea mfupi unaotawanya matawi, na matunda yake yakiiva huwa ya rangi ya chungwa. Hayo ni Solanum villosum. Watoto wa mashambani huyajua matunda hayo vizuri sana, yakiwa yameiva. Mabichi ya kijani msiyaguse, ya aina yoyote ile, yana sumu. Majani ya managu haya madogo yana uchungu wa kweli, uchungu unaobaki kooni baada ya kumeza. Hii ni mimea miwili. Lakini sokoni yote ni managu, bei moja, swali moja tu: fungu ni la ngapi?

Sasa niwaeleze kilichotokea katika chama kimoja cha akina mama kule Kayole. Walikuwa wamepanda mboga kwenye magunia nyuma ya nyumba, maana udongo wa huko ni ule mweusi, mvua ikinyesha unakuwa utelezi, jua likiwaka unapasuka. Walikuwa na mama mmoja mkongwe aliyetoka Kisii kuja kukaa na mwanawe. Huyu mama alikuwa amekataa kabisa mboga za Nairobi. Mkaza mwanawe, binti wa Nyeri, alikuwa akimpikia managu kila wiki, kwa heshima zote, na kila wiki mama anakula vijiko viwili na kusema, "Asante mwanangu, lakini haya si managu. Ardhi ya Nairobi haina ladha." Binti aliumia. Alidhani anakataliwa yeye, si mboga.

Tulipoenda kuonja, nilipika aina zote mbili zilizoota kwenye magunia yale yale, udongo ule ule, samadi ile ile ya ng'ombe, maji ya mtungi mmoja. Maji na chumvi tu. Sahani hazikuwa na jina, chini ya kila moja kulikuwa na kipande cha karatasi chenye namba. Yule mama akaonja ya kwanza, akaisukuma kando. Akaonja ya pili, akanyamaza, akaonja tena, akachovya ugali. Kisha akasema kwa sauti, "Nani ametoka nyumbani leo? Hii imetoka kwetu." Wanawake wote wakaangua kicheko, kwa sababu ile sahani ilitoka kwenye gunia lililokuwa hatua chache kutoka alipokaa. Ilikuwa ni villosum, yale madogo. Muda wote ule ardhi ya Nairobi ilikuwa imesingiziwa. Tatizo lilikuwa pakiti.

Na binti wa Nyeri? Alichagua sahani ya kwanza, ile ya majani mapana, na hakubadilisha mawazo hata mama mkwe alipomsihi. Sawasawa kabisa! Sasa magunia ni mawili, kila moja na mwenyewe, na jikoni kuna amani. Mngeona jinsi yule mama alivyolitunza gunia lake baada ya hapo, akikata ncha kila asubuhi ili mmea utoe matawi, akinyofoa maua yasije yakala nguvu ya majani.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema, nimekisikia mara nyingi: mboga ni mboga, ukitia vitunguu, nyanya na krimu, hakuna atakayejua tofauti. Mzee wangu, kwa heshima, hiyo ndiyo sababu ya kuonja bila krimu. Maziwa hupunguza uchungu, na wazee wetu walilijua hilo kabla yetu. Managu na saga, yaani mgagani, vilitiwa maziwa, vikapashwa moto siku moja, mbili, tatu, mpaka uchungu ukalainika ukawa utamu wa aina yake. Walifanya hivyo kwa sababu walijua mboga waliyonayo. Managu ya majani mapana ukiyafanyia hivyo yanapotea kabisa, unabaki unakula maziwa yenye rangi ya kijani. Managu madogo usipoyafanyia hivyo, mgeni atashindwa kumeza. Onja kwanza kavu, uijue mboga, ndipo uamue itastahili nini.

Namna ya kuonja, andikeni. Chuma aina zote asubuhi moja, majani ya umri mmoja. Usilinganishe majani machanga ya huku na majani mazee ya kule, utakuwa umepima umri badala ya aina. Sufuria zinazolingana, maji kipimo kimoja, dakika sawa, chumvi ile ile. Anayepika asigawe, kwa sababu uso wake utasema kila kitu. Kila mtu apate kipande cha ugali na maji ya kunywa kati ya sahani na sahani. Na msiulizane "ni tamu?" Ulizaneni: uchungu umekuja mwanzoni au mwishoni? Umekaa au umeondoka? Jani limelainika au lina nyuzi? Supu yake ungeinywa? Watoto wapewe nafasi yao mbali na watu wazima, maana ulimi wa mtoto unashika uchungu zaidi, na mtoto akimwona shangazi yake akifurahi atasema anafurahi pia.

Tena usionje mara moja ukafunga mjadala. Mmea ulioonjwa Aprili mvua ikinyesha si mmea ule ule Februari baada ya wiki kadhaa za jua. Managu na saga vikikosa maji uchungu hupanda, na vikianza kutoa maua hupanda tena. Kwa hiyo mtu akiniambia "niliijaribu hiyo aina ikanishinda," swali langu ni moja: uliichuma lini? Kama uliichuma Februari ikiwa na maua na hujaimwagilia tangu Jumapili, basi hujaijaribu bado.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya watu wenye nafasi na muda. Hapana, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwenye ekari moja anaweza kubahatisha, akikosea robo ya shamba bado ana robo tatu. Mwenye gunia moja hawezi. Gunia lako likijaa mboga ambayo nyumba nzima haiipendi, umepoteza msimu. Ndiyo maana nasema gunia ligawanywe: upande huu aina moja, upande ule nyingine, kijiti chenye jina katikati. Na jina liandikwe kwa penseli, wino unafifia juani.

Wanaoniuliza kuhusu vitamini na madini, tafuteni kazi za Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambaye amezipigania mboga za Kiafrika kwa miaka mingi na kutunukiwa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Na pale Muguga, si mbali na hapa, kuna benki ya taifa ya jeni iliyoanza mwaka 1988, na mbegu zetu zimelala humo kwenye baridi. Nafurahi zimehifadhiwa, nafurahi sana. Lakini mbegu iliyo kwenye friji hakuna anayeionja. Nyanya yangu alihifadhi mbegu za saga kwa kuipika saga kila wiki. Aina aliyoipenda ndiyo iliyoachwa ikazaa, asiyoipenda ikaliwa yote ikaisha. Uamuzi ulifanyika sahanini. Sisi tumeuacha uamuzi huo kwa mwenye lori.

Eeh, mwenye lori! Angalieni nyanya. Cal J ilizalishwa kwa ajili ya viwanda vya kusindika: nyama ngumu, maji machache, inavumilia safari. Ni nyanya nzuri kwa kazi yake. Lakini wewe unayechuma nyanya mlangoni na kuikata papo hapo, unaipanda ya nini? Panda Money Maker, ile ya Uingereza ya zamani, inayorefuka na kutaka kijiti cha kuegemea. Panda zote mbili, uzikate pamoja, utie chumvi kidogo, unieleze.

Naona saa. Niende mbio.

Sukuma wiki. Pakiti nyingi zitakuwa Thousand Headed au Collards. Hizo zijaribuni, lakini tafuteni pia ile ya Kinale, kule Lari, ambayo wakulima wenyewe waliichagua na kuitunza, na pandeni kanzira, ndugu yake sukuma, kando yake. Kanzira huiva upesi, msiipike kama sukuma ikavurugika.

Saga hupandwa mahali itakapokaa, haipendi kuhamishwa, mzizi wake mkuu ukikatika imeharibika. Na mbegu mpya za saga zina usingizi. Ukizivuna leo ukazipanda kesho nyingi hazitaota, zipe miezi kadhaa. Mnaosema mbegu ya jirani ni mbovu, muulizeni ilivunwa lini.

Mbegu za mrenda zina ganda gumu, zitumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde kama kumi kisha uzitoe. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo mrenda uliouona Kisumu usiutarajie hapa mwezi wa Julai. Subirini joto lirudi. Onjeni wenye kunde na usio na kunde, wenye magadi na usio na magadi. Mrenda una watu wake, simlazimishi mtu.

Terere, yaani mchicha, kuna ya majani ya kijani na ya majani mekundu, wiki tatu hadi nne unang'oa. Hiyo haina kisingizio, hata aliyepanga chumba kimoja ataipanda kwenye ndoo iliyotobolewa chini.

Nderema, ile mboga inayotambaa, nilitaka kuizungumzia kwa urefu, sitaweza. Ukiwa na ua na kivuli, chomeka kipande cha shina, kitapanda chenyewe.

Maji ya mto, tafadhali, msinyunyizie. Mto wa Nairobi unabeba maji taka na taka za viwanda, na mtaonja kitu ambacho si mboga.

Mbegu ziko kwenye meza pale mlangoni, kwenye bahasha. Bahasha nyeupe ni managu ya majani mapana, za kaki ni yale madogo. Hakuna kuchukua bahasha moja. Ukichukua nyeupe, chukua na kaki, mbegu chache za kila moja zinatosha. Lowesheni udongo kwanza, mzitawanye juu, mzifunike kwa udongo mwembamba sana, kwa sababu ni ndogo na zikizikwa kirefu hazitoki. Miche ikifika majani manne au matano, itenganisheni, kama sentimita thelathini kati ya mmoja na mwingine. Baada ya wiki tano hivi mtaanza kuchuma. Mama wa kiti cha mbele ameuliza kama anaweza kuzichanganya gunia moja. Unaweza mama, ila usisahau kijiti.